Karatasi ya Fabriano: ufundi ulioazimwa mtaa wa pili

Fabriano ni mji wa bara katika jimbo la Marche, katikati ya Italia, chini ya milima ya Apennini. Karatasi inatengenezwa hapo tangu karne ya 13. Ujuzi wenyewe ulitoka China, ukapita mikononi mwa Waarabu, na ulipofika Mediterania ulikuwa umekwisha kukomaa. Mafundi wa Fabriano walifanya marekebisho matatu tu, na ukiyachunguza moja baada ya jingine unakuta mawili ya kwanza yametoka kwa mafundi wa kazi nyingine palepale mjini.

La kwanza ni kuponda. Malighafi ilikuwa matambara ya kitani na hempu, yakichaguliwa, yakichanwa na kulowekwa mpaka yaanze kulegea. Kwingine yalipondwa kwa mchi au kusagwa kwa mawe. Fabriano kulikuwa na watengenezaji wa nguo za sufu, na wao walizikaza nguo zao kwa nyundo za mbao zilizoendeshwa na maji ya mto. Mafundi wa karatasi wakauchukua mtambo huo. Mhimili wa gurudumu la maji una meno. Kila jino huinua mpini wa nyundo, kisha huuachia, na nyundo huangukia ndani ya birika. Nyundo za kwanza zina misumari yenye ncha ya kuchana kitambaa, zinazofuata misumari butu, na za mwisho ni mbao tupu. Kwa mpangilio huo nyuzi huchambuka na kulainika bila kukatwakatwa, na karatasi yenye nyuzi ndefu haichaniki ovyo.

La pili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, ingawa halisifiwi sana. Karatasi isiyozibwa vinyweleo hunywa wino, maandishi yakasambaa. Waarabu walizipaka zao wanga, na kwenye hewa kavu hilo lilitosha. Penye unyevunyevu wanga uliota ukungu na kuita wadudu. Mwaka 1231 Kaisari Frederick II alikataza hati za serikali zisiandikwe kwenye karatasi, na kwa karatasi ya wakati ule alikuwa na haki ya kuogopa. Fabriano ilikuwa pia na watengenezaji wa ngozi, na kazi ya ngozi huacha mabaki mengi: vipande vilivyokwanguliwa, kingo, ngozi zisizofaa. Yakichemshwa polepole hutoa gundi nyepesi. Karatasi zilizokwisha kukauka zilichovywa humo, zikabanwa gundi ya ziada itoke, zikaanikwa upya darini penye madirisha mengi ya kupitisha upepo. Kazi hii ilitaka jicho: siku ya baridi gundi huganda kabla haijapenya, na siku ya joto huoza upesi. Lakini karatasi iliyotoka ilikuwa ngumu, ikilia inapotikiswa, na kalamu ya unyoya iliteleza juu yake bila kuikwaruza. Nyingi zipo hadi leo.

Kabla ya hatua ya gundi, penye pipa la rojo, yaani nyuzi zilizopondwa zikielea majini, walisimama watu watatu. Wa kwanza alizamisha chekeche la waya lenye fremu ya mbao, akaliinua likiwa bapa na kulitikisa mara moja mbele na nyuma, mara moja kushoto na kulia, ili nyuzi zipishane kabla maji hayajaisha kuchuruzika. Sekunde hizo chache ndizo zilizosawazisha unene wa karatasi. Wa pili aliipindua juu ya kitambaa kizito cha sufu. Wa tatu aliibandua baada ya rundo zima kukamuliwa kwa mtambo wa parafujo.

Chekeche hilo la waya ndilo lililozaa rekebisho la tatu, alama ya maji, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 13. Fundi hukunja uzi wa waya uwe herufi, tunda au mnyama, akaushonea juu ya chekeche. Pale uzi ulipo rojo huwa jembamba, na karatasi ikiinuliwa mwangani umbo huonekana. Mwanasheria Bartolo, mzaliwa wa Sassoferrato, mji jirani, aliyefariki mwaka 1357, aliandika kuhusu alama hizi za Fabriano kama haki ya mwenye kiwanda. Karne ya 19 mafundi walivuka mstari wa waya wakafikia kivuli: picha huchongwa kwenye nta inayomulikwa kwa chini, kisha umbo lake hugandamizwa kwenye wavu. Palipobonyea rojo hujaa na kuwa giza, palipoinuka hubaki jeupe, na uso wa mtu hutokea bila tone la wino. Hivyo ndivyo noti za benki zilivyopata mojawapo ya kinga zake.

Mwaka 1907 mtafiti Charles-Moïse Briquet alichapisha nakala za alama za maji zaidi ya 16,000, na tangu hapo wachunguzi wanakadiria umri wa hati isiyo na tarehe kwa kulinganisha alama. Njia hiyo inafaa hata Afrika, kwani miswada mingi ya Kiarabu ya karne ya 18 na 19 barani humu iliandikwa kwenye karatasi yenye hilali tatu, iliyotengenezwa kaskazini mwa Italia, upande wa Venezia, kwa gundi na waya kama za Fabriano.