Wanaofundisha Falsafa Mbele ya Kamera

Tangu 2012, YouTube huipa uzito video kwa muda inaotazamwa, si kwa idadi ya waliobofya tu. Kwa mwalimu wa falsafa, kipimo hicho ni mzigo. Kila anapochapisha somo, mchoro wa YouTube humwonyesha watazamaji walipoanza kuondoka. Aghalabu ni pale hoja inapokuwa ngumu. Angeweza kuikata sehemu hiyo, lakini huiacha, maana bila hiyo hitimisho halina msingi.

Nawapongeza walimu hawa. Kabla ya kuwasha kamera hukisoma kitabu cha mwanafalsafa Kant cha 1781 sambamba na toleo lake la 1787, hulinganisha vifungu, huandika mswada na kuufuta. Huieleza hoja ya mpinzani kwa nguvu zake zote, ndipo huijibu. Hutaja vitabu walivyotumia, husahihisha maandishi ya chini ya picha ambayo mashine imeyakosea, na wakigundua kosa lao hulitangaza.

Mtu asiye na ada ya chuo wala maktaba ya karibu husikiliza, husimamisha, hurudia, hadi ajue kuuliza swali sawasawa. Kwa kazi hiyo, tuna deni kwa walimu hawa. Tuanze kulilipa kwa kutazama hadi mwisho.