Bonde la Hoh: safari inayopangwa kuanzia juu

Njia ya mto Hoh, katika Hifadhi ya Taifa ya Olympic, jimbo la Washington nchini Marekani, ina kilomita 28 hivi za kwenda tu. Wengi huigawa katika siku tatu zinazolingana. Hesabu hiyo inapendeza kwenye karatasi, ila bonde lenyewe haliifuati. Kutoka kituo cha wageni hadi kituo cha walinzi cha Olympus ni kilomita 14 na ushei, na unapanda mita 120 hivi tu. Mwinuko wenyewe umelundikana mwishoni: ukishavuka daraja la juu la korongo, zimebaki kama kilomita 7, na humo mna mita 900 za kupanda hadi Glacier Meadows.

Ndiyo maana nashikilia kwamba safari hii ipangwe kuanzia juu. Kibali cha kulala ni lazima, na nafasi za kambi za Elk Lake na Glacier Meadows zina kikomo wakati wa kiangazi. Zikipatikana hizo, tarehe nyingine zitajipanga zenyewe. Siku ya kupanda iwe fupi, ianze alfajiri. Karibu na mwisho wa njia ardhi imeporomoka, na panapitika kwa ngazi ndefu tu, mahali ambapo mzigo mzito mgongoni ni hatari kweli.

Huku chini, tafadhali, usikimbie. Mvua huzidi mita 3 kwa mwaka, na misprusi ya Sitka imekua ikapita majengo ya ghorofa 20. Sakafu ya msitu imejaa kuvumwani na majani, hivyo miche mingi hupata nafasi juu ya gogo lililoanguka. Gogo likiisha kuoza, miti iliyolikalia hubaki imesimama kwa mstari mmoja, mizizi imetanua miguu juu ya uwazi.

Maji nayo yana hesabu yake. Mto ni mweupe kama tui, kwa unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ya mlima Olympus, na unga huo huziba chujio upesi. Chota kwenye vijito vya pembeni; ukikosa, acha ya mto yatuame kwanza.

Halafu ulizia barabara ya kuingia bondeni. Desemba 2024 mafuriko yaliikata Upper Hoh Road, ikafunguliwa tena Mei 2025. Weka akiba ya siku moja au mbili, na njia nyingine ya kwenda iwapo hii imefungwa.