Tumaini katika Safari ya Msafiri

Yako maneno mawili yasemwayo mara nyingi katika Kanisa mtu anapovunjika moyo. La kwanza ni hili, "Jipe moyo, yatapita." La pili husemwa akiisha kuondoka, "Imani yake ni haba." La kwanza ni jema, lakini halimfai sana yule ambaye mtama wake umekauka mwaka wa pili mfululizo, au ambaye ameomba jambo moja kwa miaka mingi asione jibu. La pili ni baya, maana humfunga mtu kinywa. Mwenye huzuni akijua ya kuwa huzuni yake itahesabiwa kuwa dhambi, huificha. Na akiisha kuificha, huanza kukaa nyumbani siku ya Jumapili.

Basi twataka kukipima kitabu kimoja ambacho wengi wetu tumekisoma, au tumesikia habari zake kanisani, tuone kama kina neno bora kuliko hayo mawili. Kitabu hicho ni Safari ya Msafiri, kilichotungwa na John Bunyan. Sehemu yake ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684. Kimefasiriwa katika lugha zipatazo 200, na katika hizo zipatazo 80 ni lugha za Afrika. Habari yake ni ya mtu aitwaye Mkristo, mwenye mzigo mzito mgongoni, ambaye autoka Mji wa Uharibifu kwenda Mji wa Mbinguni. Na kila amkutaye njiani ana jina la tabia yake. Kwa kuwa fasiri hazilingani katika majina, hapa tutayataja kwa maana yake tu.

Kwanza yatupasa kumjua mtungaji, maana neno la tumaini lina uzito kwa kadiri ya mtu alinenaye. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 kijijini Elstow, karibu na mji wa Bedford, katika Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuziba vyungu vya chuma na masufuria, kama baba yake, na elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Mwaka 1660 alikamatwa kwa sababu alihubiri katika mikutano ambayo sheria ya nchi haikuiruhusu. Akaambiwa ya kuwa akiahidi kuacha kuhubiri ataachiliwa. Hakuahidi, naye akakaa gerezani Bedford yapata miaka 12, hata mwaka 1672. Huku nje alikuwa na mke na watoto wanne, na mmoja wao, binti aitwaye Mary, alikuwa kipofu. Mle gerezani Bunyan alikuwa akitengeneza kamba za kufungia nguo na viatu, zikauzwa, ili jamaa yake wapate chakula. Katika kitabu chake kingine cha mwaka 1666 ameeleza jinsi kutengana nao kulivyomwuma, hasa akimkumbuka yule asiyeona. Basi mtu huyu aliposema habari za kukata tamaa hakuwa akikisia.

Tutazame sasa mahali pa kwanza ambapo Mkristo avunjika moyo. Msomaji angedhani pako mwisho wa safari, mtu akiisha kuchoka. Sivyo. Pako mwanzo kabisa, hatua chache kutoka mjini kwake, nako ni kwenye tope kubwa liitwalo Tope la Kukata Tamaa. Mkristo atumbukia humo na mzigo wake, na pamoja naye jirani yake mmoja, mtu mwepesi wa kugeuzwa nia. Yule jirani ajikokota akatokea upande ulio karibu na nyumba yake, akarudi. Mkristo naye ahangaika kuelekea upande wa pili, ingawa hawezi kutoka, hata aja mtu aitwaye Msaada akamshika mkono na kumvuta.

Mambo matatu hapa yastahili kusifiwa. La kwanza ni ya kuwa tope limo katika njia yenyewe ya mbinguni. Waliobaki mjini hawakutumbukia, kwa kuwa hawakutoka. Kwa hiyo asemaye ya kuwa mwenye kuvunjika moyo ameiacha njia, na akisome kitabu hiki tena. La pili ni ya kuwa watu hawa wawili walizama tope moja, wala mmoja hakuwa msafi kuliko mwenziwe. Walitofautiana katika jambo hili tu, kila mmoja alielekeza uso wapi alipokuwa akihangaika. La tatu ni neno la Msaada mwenyewe. Aeleza ya kuwa watumishi wa Mfalme wamekuwa wakilijaza tope lile muda wa miaka 1600 na zaidi, wakimwaga humo mikokoteni 20,000 na zaidi ya mafundisho mema, na bado ni tope. Lakini katikati yamo mawe imara ya kukanyagia, ingawa siku nyingine hayaonekani vizuri. Twamsifu mtungaji kwa ukweli huu. Hakuahidi ya kuwa mahubiri mengi yatalikausha tope. Alisema tu ya kuwa mawe yapo, na ya kuwa mtu akosapo kuyaona, mwenziwe amnyoshee mkono.

Baada ya hayo tusome habari za soko la Ubatili. Huko Mkristo alifika pamoja na rafiki yake Mwaminifu; wakakamatwa wote wawili, na Mwaminifu akauawa. Mkristo aliponyoka, akaendelea na safari, na tungetazamia ya kuwa atakwenda peke yake kwa machozi. Lakini mtu mmoja wa mji ule ule, aliyekuwa ametazama jinsi wawili hawa walivyovumilia, amfuata na kufanya agano naye. Jina lake ni Tumaini. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye kina kuliko mahali pote kitabuni. Bunyan hakumfanya Tumaini atoke katika nyumba ya raha. Amemtoa katika mji wa mauti, karibu na majivu ya mtu mwema. Nasi tujiulize, ni nani waliotufundisha kutumaini? Mara nyingi ni mjane mmoja, au mzee mmoja mgonjwa, ambaye tulimtazama akivumilia, naye hakujua ya kuwa twamtazama.

Mahali pa tatu ndipo penye hatari kubwa, nako ni Ngome ya Mashaka, makao ya Jitu liitwalo Kata-Tamaa. Tuangalie jinsi wasafiri walivyofika huko. Njia ilikuwa ya mawe, miguu ikawauma. Wakaona ng'ambo ya kitalu pana majani laini, na kijia kifuatacho njia yao, wakavuka. Hawakukana imani, miguu iliwauma tu. Mambo madogo ya kila siku ndiyo yaliyowapeleka kwa lile Jitu, na hivi ndivyo ilivyo kwetu. Wengi walioshinda msiba mkubwa wameangushwa na deni dogo, au na neno baya la jirani lililorudiwa kila asubuhi.

Wakafungwa katika shimo la giza tangu Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku, pasipo chakula wala maji. Jitu likawapiga, kisha likawashauri wajiue. Mkristo akaanza kuona ya kuwa shauri hilo lina maana. Tumaini amjibuje? Hamkemei, wala hamwambii ya kuwa imani yake ni haba. Kwanza amkumbusha ya kuwa Bwana amekataza kuua, na zaidi kujiua nafsi. Kisha asema maneno ya mtu wa kawaida kabisa: nani ajuaye, labda Jitu hili litakufa, labda litasahau kufunga mlango, labda litashikwa tena na ule ugonjwa wake wa kupooza mikono, na tungoje kidogo. Katika maneno haya hamna ufasaha. Walakini yalimweka Mkristo hai hata kesho yake, na kesho yake ndiyo iliyohitajiwa.

Usiku ule wa Jumamosi wakaanza kuomba, wakaomba hata karibu na mapambazuko. Ndipo Mkristo akakumbuka ya kuwa kifuani mwake mna ufunguo uitwao Ahadi, nao waweza kufungua kila kufuli la ngome ile. Wasomaji wengine hulilaumu jambo hili, wakisema ufunguo umeletwa kwa urahisi mno, kama kwamba mtungaji alikwama asijue namna ya kuwatoa. Sisi twaona kinyume. Ufunguo haukuletwa usiku ule. Ulikuwamo kifuani siku zote alizopigwa. Hivyo ndivyo kukata tamaa kulivyo. Hakumnyang'anyi mtu ahadi za Mungu, humsahaulisha tu, naye hukaa gizani na ufunguo wake. Tena Bunyan aongeza ya kuwa kufuli la lango la nje lilikuwa gumu sana kufunguka. Ahadi yafungua, lakini mkono hauna budi kukaza. Na walipokwisha kutoka, walisimamisha nguzo penye kitalu wakaandika onyo, wengine wapitao wasipotee. Yeye aliyetoka gizani asiione haya habari yake. Na iwe nguzo kwa wengine.

Tumekisifu, sasa tuseme na kasoro zake. Ya kwanza, Mkristo aondoka mbio na kuwaacha mke na watoto mjini. Kweli aliwasihi waje wakakataa. Lakini msomaji wa kwetu, ajuaye ya kuwa mkono mmoja hauchinji ng'ombe, huona ya kuwa tumaini la mtu peke yake limepungukiwa. Yaonekana Bunyan mwenyewe aliona haja hii, maana katika sehemu ya pili amewaleta mke na watoto katika njia ile ile, nao waenda kundi zima, wakiongozwa na Moyo-Mkuu, ambaye hupunguza mwendo kwa ajili ya walio dhaifu. Humo yumo mzee mwoga aliyelala kando ya Tope la Kukata Tamaa yapata mwezi mzima asithubutu kuvuka. Na bado alipofika mto wa mauti maji yake yalikuwa yamepungua kuliko yalivyopata kuonekana, akavuka miguu ikilowa kidogo tu. Humo yumo kiwete na magongo yake. Jitu Kata-Tamaa lilipouawa na ngome yake kubomolewa kwa siku saba, kiwete huyo alicheza ngoma ya furaha na msichana aitwaye Hofu-Nyingi aliyeokolewa humo, naye alicheza akiwa na gongo moja mkononi. Hakungoja kupona ndipo afurahi. Kwa hiyo asomaye sehemu ya kwanza akaiacha ya pili, amesoma nusu ya tumaini.

Kasoro ya pili ni majina. Mtu akiitwa Kata-Tamaa, basi hana jambo jingine ndani yake. Lakini watu tunaoishi nao hawako hivyo. Mtu yule yule ni Tumaini asubuhi na Mwoga jioni. Msomaji asiyeangalia aweza kuwabandika ndugu zake majina haya, na kitabu kilichotungwa ili kuwasaidia wanyonge kikawa fimbo ya kuwapigia.

Kasoro ya tatu si kosa la Bunyan, maana katika siku zake halikujulikana vema. Leo twajua ya kuwa huzuni nyingine ni ugonjwa, kama vile homa ilivyo ugonjwa, nao una matibabu. Mtu asiyelala, asiyekula, anenaye habari za kujiua, asiachwe peke yake na kitabu, hata kiwe kizuri namna gani. Na akae pamoja naye mtu wa kumfariji kama Tumaini alivyokaa, kisha wampeleke kwa mganga wa hospitali bila kukawia. Kumpeleka huko si kupungukiwa na imani. Eliya alipotaka kufa chini ya mti jangwani, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale.

Basi hukumu yetu ni hii. Kitabu hiki chafaa kusomwa hata leo, nacho kina neno bora kuliko yale mawili tuliyoyataja. Hakisemi ya kuwa yatapita, maana tope limekaa muda wa miaka 1600 na zaidi. Wala hakisemi ya kuwa aliyezama hana imani. Chasema ya kuwa ahadi imo kifuani, na ya kuwa usiku mwingine mtu hawezi kuikumbuka mpaka awe na mwenziwe karibu. Hata mtoni, mwisho wa safari, Mkristo alipoanza kuzama, Tumaini alikuwa kando yake akikiinua kichwa chake juu ya maji.

Ndugu msomaji, yaelekea katika kijiji chako yuko mmoja aliyeacha kuonekana Jumapili hizi. Usimngoje aje, wala usimpelekee karipio. Nenda ukaketi naye. Kama huna neno la hekima, lile la "tungoje kidogo" latosha kwa leo, mradi wewe nawe ungoje pamoja naye.