Skema: Kutoka Bartlett hadi Young

Frederic Bartlett, katika kitabu chake Remembering (1932), alionyesha jinsi Waingereza waliosimulia tena hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini walivyoigeuza kwa mazoea yao: mtumbwi ukawa mashua. Mazoea hayo yenye kutenda aliyaita skema, ijapokuwa neno lenyewe hakulipenda. Mwaka 2003 Jeffrey Young na wenzake walitaja skema 18 zenye asili ya utotoni, kama vile hofu ya kuachwa. Orodha hiyo yamfaa tabibu katika kuuliza. Lakini akiifanya hukumu, yeye naye augeuza mtumbwi wa mgonjwa kuwa mashua. Basi tusiifasiri skema kwa neno “kiolezo”: kiolezo hakibadiliki, na tiba ya Young yataka skema ibadilike.