Tairi Husomwa Ubavuni
Jumamosi, kwenye maegesho ya ukumbi mmoja Njiro, Arusha, wanaume wazima waliizunguka Hilux wakisifia matairi yake. Mapana, meusi ya kung'aa, kashata zimesimama kama matofali. Mwenye gari, kijana, anajiandaa kwenda nayo Engare Sero, kando ya Ziwa Natron. Niliinama nikasoma: 1114. Matairi hayo yalitoka kiwandani Machi 2014, na juzi kauziwa kama mapya. Nikamwambia. Akanijibu, "Mzee wangu, si unaona kashata hizo?"

Kashata ndiyo hutazamwa mwisho. Mawe ya volkano ya upande wa Natron hayahangaiki na kashata, yanachana ubavu.

Tarakimu nne hukaa mwisho wa mlolongo unaoanza na herufi DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta tatu tu, hilo ni tairi la kabla ya 2000, ondoka dukani. Mara nyingi namba kamili imechapwa ubavu mmoja tu, na muuzaji mjanja huugeuza huo ndani, upande wa shoksapu. Ndiyo maana tairi hununuliwa likiwa chini, halijafungwa. Mpira una nta ndani yake. Tairi likikunjwa na kukunjuka njiani, nta hupanda juu na kuukinga. Tairi lililolala stoo miaka minane halikunjwi. Linakauka kimya kimya huku kashata zikibaki ndefu vilevile, na mnunuzi anachekelea.

Fundi aliyenifundisha kule Mto wa Mbu hakununua tairi bila ndoo ya maji na kipande cha gunia. Alisugua dawa ya kung'arisha mpaka ikatoka yote. Kisha akalikandamiza kwa goti, ubavu ukajikunja, akalala kifudifudi kutazama mkunjo ule kwa karibu, akipitisha ukucha taratibu. Mpira mzima hukunjika ukabaki laini. Mpira mzee huonyesha mistari myembamba, kama tope la kiangazi. Akiiona mistari hiyo alisimama, akajipangusa magoti, akaondoka bila kuuliza bei.

Siku moja huyohuyo aliletewa tairi lenye mifereji mirefu ajabu. Akaingiza kidole ndani akitafuta vile vidaraja vidogo ambavyo kiwanda huviweka chini ya mfereji, vyenye kimo cha milimita 1.6. Havikuwepo. Lilikuwa kipara lililochongwa kwa kisu cha moto, na mpira uliobaki juu ya waya ungetobolewa na mwiba wa mgunga. Matairi ya mitumba nayo husafirishwa moja ndani ya jingine ili kontena lijae. Pitisha kiganja mdomoni mwa tairi, ukigusa mahali palipobonyea, liache.

Nguvu ya tairi nayo haina siri, imeandikwa ubavuni. 265/70R16 yenye herufi LT mbele si ndugu wa ile isiyo nazo: moja inaweza kuandikwa 121, yaani kilo 1,450 kwa tairi, nyingine 112, yaani kilo 1,120. Plai kumi si lazima ziwe tabaka kumi, ni kipimo cha uwezo, lakini kwa pikapu inayobeba mzigo chini ya hapo sikubali.

Na pikapu ya kazi haivai tairi pana. 7.50R16, jembamba, refu, lenye kashata za wastani, hupita kati ya mawe pale ambapo pana hulazimika kuyapanda.

Nilikulia kwenye matairi ya General Tyre, kiwanda chetu hapa Arusha kilipokuwa kinafanya kazi. Ulinunua likiwa bado linanuka mpira mbichi, na hapakuwa na haja ya kuuliza limelala bandari gani.

Kijana nilimwandikia tarakimu zile kiganjani. La akiba sikuweza kulisoma. Lilikuwa linaning'inia chini ya bodi, ubavu wenye namba umetazama juu.