Karatasi Moja, Jambo Moja

Beatrice Webb alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza katika maisha yake ya utafiti: kila jambo lipewe karatasi yake. Akisoma kumbukumbu za chama cha wafanyakazi na kukuta mambo matano ya maana katika ukurasa mmoja, aliandika karatasi tano. Kila karatasi ilionyesha tarehe, mahali na chanzo cha habari, na kila kimoja kilikuwa na sehemu yake maalumu, ili jicho likipate bila kuhangaika. Daftari lililoshonwa halikumfaa kwa kazi hii, kwa kuwa linamfunga mtu kuyaona mambo kwa mfuatano ule ule aliokutana nao. Karatasi zilizo huru unaweza kuzipanga kwa miaka, ukazichanganya upya kama karata, ukazipanga kwa miji, halafu kwa aina za kazi, halafu kwa sababu unazozishuku. Kila upangaji unaweza kukuonyesha uhusiano usioutarajia, au kukuvunjia nadharia uliyoipenda. Utaratibu huo aliueleza kwa kirefu katika kiambatisho cha My Apprenticeship, kitabu chake cha mwaka 1926, na aliupa hadhi ile ile ambayo mkemia huipa mizani yake.

Beatrice na mumewe Sidney, pamoja na Graham Wallas na George Bernard Shaw, ndio walioanzisha London School of Economics and Political Science (LSE) mwaka 1895, kwa fedha za wosia wa Henry Hunt Hutchinson, mwanachama mwenzao wa chama cha kisoshalisti cha Fabian Society. Maktaba yake ilifuata mwaka 1896. Leo ni chuo kikuu ambacho karibu kazi yake yote ni sayansi za jamii: uchumi, siasa, anthropolojia, sosholojia, sheria na jamaa zake. Watu wakikitaja huanza na washindi wa Nobel na marais waliopita humo. Mimi nakistahi kwa jambo lisilo na kelele, yaani desturi ya kuandika ulichokiona kwa namna ambayo mtu mwingine, hata usiyemjua, ataweza kukushika kosa.

Ufundi huo Beatrice alianza kuusomea kabla hajaolewa, katika kazi ya Charles Booth, mfanyabiashara wa meli kutoka Liverpool ambaye mkewe alikuwa binamu wa Beatrice. Kuanzia 1886 hadi 1903 Booth aliuchunguza mji wa London mtaa kwa mtaa, kwa gharama yake mwenyewe. Matokeo yalichapishwa katika majuzuu ambayo katika toleo la mwisho yalifika 17, na ramani ambamo kila mtaa ulipakwa rangi kulingana na hali ya wakazi wake, kuanzia nyeusi kwa mafukara hadi njano kwa matajiri. Alikadiria kwamba asilimia 30.7 ya wakazi wa London walikuwa katika umaskini. Namba hiyo iliwashtua wengi, lakini kilichoipa nguvu ni kwamba kila aliyetilia shaka angeweza kuuliza imetoka wapi, akajibiwa.

Imetoka kwenye madaftari. Zaidi ya 450 yamehifadhiwa katika maktaba ya LSE, na sasa yanasomeka pia mtandaoni. Wasaidizi wa Booth waliwahoji maofisa waliokuwa wakifuatilia mahudhurio ya watoto shuleni, kwa sababu watu hao walizijua kaya nyumba kwa nyumba. Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1890, msaidizi kama George Duckworth alitembea na polisi wa zamu katika eneo lake, akiandika kila kona waliyopita: vioo vilivyovunjika, mapazia, hali ya milango, watoto wenye viatu na wasio navyo, maua dirishani, kazi za watu wanaoishi humo. Kisha alipendekeza rangi: mtaa huu kwenye ramani ya zamani ni bluu, sasa unastahili zambarau.

Booth hakuwa malaika. Tabaka la chini kabisa alilieleza kwa maneno ya uovu na uhalifu, na msomaji wa leo anasikia hukumu mahali palipohitaji maelezo. Lakini madaftari yanaturuhusu kutenganisha vitu hivyo viwili. Tunaweza kusoma alichokiona msaidizi mlangoni, halafu tukasoma alichokifikiria, tukakubali cha kwanza na kukikataa cha pili. Ingebaki ramani peke yake, tungekuwa na rangi tu.

Desturi hiyo ya kuandika ulichokiona iliingia katika anthropolojia kwa mkono wa Bronisław Malinowski, aliyefundisha LSE katika miaka ya 1920 na 1930. Yeye alidai mtafiti aishi na watu, ajifunze lugha yao, na aandike kila siku, hata siku ambayo anaona hakuna kilichotokea. Semina yake ilikuwa uwanja wa kuchuana. Unaleta mada uliyoandika, wenzako wanaichambua sentensi kwa sentensi, na ukishindwa kueleza umejuaje, mada inarudi nawe nyumbani. Jomo Kenyatta alikaa katika semina hiyo, na mada alizozisoma humo kuhusu Wagĩkũyũ ndizo zilizozaa Facing Mount Kenya mwaka 1938, kitabu ambacho Malinowski alikiandikia dibaji. Alikuwa Mwafrika anayeiandika jamii yake mwenyewe mbele ya watu waliozoea kuwa wao ndio waandikaji, na alilazimika kujibu maswali yale yale waliyojibu wengine.

Mwanafunzi wa Malinowski ninayempenda kuliko wote, hata hivyo, ni Audrey Richards. Alikwenda kwa Wabemba, kaskazini mwa nchi ambayo sasa ni Zambia, kati ya 1930 na 1931 na tena kati ya 1933 na 1934. Swali lake lilikuwa la jikoni: watu hawa wanakula nini, kiasi gani, na kwa nini kuna miezi ambayo hawashibi? Wengine walikuwa wameshajibu kwa maneno ya jumla, kwamba Mwafrika ni mvivu, au kwamba ardhi imechoka. Richards alichukua mizani. Alipima ubwali, yaani ugali wa ulezi, na mboga yake. Akaandika nani alipika, nani alikula na nani, jirani yupi alipelekewa sahani. Chakula cha Wabemba kilipita kwenye mikono mingi ya ndugu kabla hakijafika mdomoni, kwa hiyo kuhesabu maghala peke yake kungempotosha. Kisha akashirikiana na Elsie Widdowson, mtaalamu wa lishe wa Uingereza, kukadiria virutubisho vilivyokuwemo, na mwaka 1936 wakachapisha matokeo pamoja.

Katika kitabu chake Land, Labour and Diet in Northern Rhodesia, cha mwaka 1939, kuna kurasa ambazo msomaji mwenye haraka huziruka: kumbukumbu za siku hadi siku za vijiji viwili. Huyu leo amekwenda shambani, yule amekaa kwa sababu mtoto anaumwa, hawa wamekunywa pombe, wale wamekwenda kutafuta uyoga. Ni orodha kavu, haina hadithi. Mimi naziona ndizo kurasa bora za kitabu kizima. Ukizisoma kwa utulivu unaona jinsi njaa inavyoathiri kazi, na jinsi kazi iliyoachwa inavyozaa njaa ya msimu unaofuata. Wanaume wengi walikuwa migodini kwenye shaba, na kilimo cha chitemene kilitegemea wanaume wapande juu ya miti na kukata matawi, yarundikwe, yachomwe, ndipo ulezi upandwe kwenye majivu. Richards aliona kwamba mikono hiyo ikikosekana, shamba linadorora na nyumba inalala njaa.

Zaidi ya nusu karne baadaye, Henrietta Moore na Megan Vaughan waliirudia kazi hiyo. Walisoma maandishi yake, wakaenda kule kule kaskazini mwa Zambia, na mwaka 1994 wakatoa Cutting Down Trees. Walimbishia Richards kwa mambo mazito. Chitemene haikufa kama ilivyotabiriwa. Wanawake walikuwa na mashamba ya aina nyingine, mihogo ilikuwa imeenea, na ile picha ya jamii inayoporomoka kwa kukosa wanaume ilibeba wasiwasi wa serikali ya kikoloni kuliko ilivyobeba maisha ya Wabemba wenyewe. Na ushahidi wao mwingi waliutoa kwa Richards. Alikuwa ameandika hata yale yasiyoafikiana na hoja yake, kwa sababu yalitokea siku hiyo. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtafiti wa jamii.

Kituo cha utafiti kizuri kinafanya kazi hiyo hiyo kwa watu wengi na kwa miaka mingi. Chukua Centre for Economic Performance, kilichoanzishwa LSE mwaka 1990 chini ya Richard Layard. Uingereza ilipojiandaa kuweka kima cha chini cha mshahara cha taifa, kulikuwa na makelele pande zote mbili: kitaangamiza ajira, hakitagusa ajira hata kidogo. Watafiti wa kituo hicho, Stephen Machin, Alan Manning na Lupin Rahman, walichagua sehemu moja ndogo, nyumba za kulelea wazee. Sababu zao zilikuwa za fundi anayejua mbao zake. Ni biashara ndogo ndogo nyingi, zinazofanana, zenye wafanyakazi wengi wanawake wanaolipwa kidogo. Na mwenye nyumba hawezi kupandisha bei apendavyo, kwa kuwa wazee wengi hulipiwa na serikali kwa viwango vilivyopangwa. Kama kima cha chini kinauma, hapo ndipo kitauma.

Wakatuma madodoso kwa posta. Meneja aliombwa aorodheshe wafanyakazi wake mmoja mmoja: umri, jinsia, sifa, saa za kazi, malipo kwa saa. Wakauliza kabla ya Aprili 1999, sheria ilipoanza kwa kiwango cha pauni 3.60 kwa saa, na wakauliza tena baadaye. Walikuta kwamba karibu thuluthi moja ya wafanyakazi walikuwa wakilipwa chini ya kiwango hicho kabla ya sheria, kwamba mishahara ya chini ilipanda sana na pengo likapungua, na kwamba kulikuwa na dalili za ajira na saa za kazi kupungua kiasi. Hilo la mwisho halikuwa tamu kwa waliokiunga mkono kima cha chini, wakiwemo watu wa kituo hicho hicho. Mwenzao David Metcalf alikuwa mjumbe wa tume iliyopendekeza kiwango chenyewe. Wakalichapisha mwaka 2003 pamoja na mengine, bila kulizika kwenye tanbihi.

Serikali ya Uingereza ina utaratibu wa kupima ubora wa utafiti wa vyuo vikuu. Ulianza 1986, na tathmini ya karibuni, ya 2021, ilitoa matokeo Mei 2022. Wanataaluma wa kila fani wanasoma machapisho yanayowasilishwa na vyuo na kuyapa nyota, kuanzia moja hadi nne, wakiangalia upya wake, uzito wake na umakini wake. Katika tathmini ya 2021 machapisho yalikuwa na asilimia 60 ya alama, mchango kwa maisha ya watu nje ya chuo 25, mazingira ya utafiti 15. Fedha za umma zinafuata alama hizo, kwa hiyo vyuo vinapigania nyota kwa jasho. Utaratibu huu una mengi ya kulaumiwa, hasa karatasi nyingi unazodai. Lakini nauheshimu kwa jambo moja, kwamba watu wanasoma. Namba ya makala haitoshi, wala jina la jarida. Mtu wa fani yako anafungua kazi yako na kuuliza umejuaje.

Kwetu Afrika Mashariki desturi hii ina mzizi wa moja kwa moja. Mwaka 1950 Audrey Richards alikuja Kampala kuwa mkurugenzi wa East African Institute of Social Research, Makerere, na akakaa hadi 1956. Chini yake taasisi ilichunguza vibarua waliomiminika Buganda kutoka Ruanda-Urundi na kwingineko kwenda kulima kahawa na pamba za wenzao, na kitabu kikatoka 1954. Ilikuwa taasisi ya kikoloni, na maswali yake mengi yalikuwa ya watawala. Wakalimani na wasaidizi wenyeji walioifanya kazi iwezekane ni nadra kuwakuta kwenye jalada. Hata hivyo, watafiti waliotawanyika Uganda, Kenya na Tanganyika walirudi Makerere kusomeana mada na kubishana, jinsi Richards mwenyewe alivyolelewa London.

Taasisi hiyo leo ni Makerere Institute of Social Research. Mahmood Mamdani alipoishika mwaka 2010 alikuta wanataaluma wengi wanaishi kwa ushauri elekezi, na mwaka 2011 alisema hadharani kwamba hali hiyo inaua chuo, kwa kuwa mshauri huletewa swali na mteja wakati kazi ya kwanza ya mtafiti ni kulitunga swali mwenyewe. Mwaka uliofuata taasisi ilianza programu ya uzamivu ya miaka mitano, ambayo mwanafunzi anasoma na kujadili darasani kwanza kabla ya kwenda nyanjani. Miaka mitano ni mirefu kwa mwenye familia na kodi ya nyumba, na namwelewa kabisa mhitimu mwenye kipaji anayechukua kazi ya ripoti ya miezi mitatu. Ripoti hiyo inaweza kusaidia wizara kuamua jambo la bajeti. Haimpi nafasi ya kurudi kijijini msimu wa pili, kugundua kwamba swali lake la msimu wa kwanza lilikuwa limekaa vibaya, na kuliuliza upya akiwa na mtu wa kumlipa mshahara wakati anafanya hivyo. Nafasi hiyo ndiyo ambayo chuo kinapaswa kuinunua, kwa fedha zake na si za mfadhili peke yake. Richards aliipata: safari mbili kwa Wabemba, halafu miaka mitano ya kupanga maandishi kabla kitabu hakijatoka.