Baba aliyezikwa katika kitabu cha mwanawe

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa uzamili alinitoa jasho darasani. Tulikuwa tukijadili wasifu na tawasifu, kozi ambayo nimeifundisha kwa miaka mingi, na kama kawaida yangu nikatoa mfano wa Father and Son, kitabu cha Mwingereza Edmund Gosse kilichochapishwa mwaka wa 1907. Nikasimulia jinsi mwandishi alivyolelewa na baba mlokole wa kupindukia, mchunguzi wa viumbe wa baharini, aliyedai eti Mungu alificha visukuku miambani makusudi ili awajaribu wanajiolojia. Darasa likaangua kicheko kama yalivyocheka madarasa yaliyotangulia. Ndipo binti yule akainua mkono: "Prof, huyo baba mwenyewe umewahi kumsoma?"

Sikuwa nimemsoma. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimhukumu mtu kwa ushahidi wa shahidi mmoja, tena mwanawe. Likizo nzima nimeitumia kulipa deni hilo, na makala haya ni sehemu ya malipo.

Philip Henry Gosse alizaliwa Worcester mwaka wa 1810. Babake alikuwa mchoraji wa picha ndogo ndogo za sura za watu, aliyezunguka mji hadi mji akitafuta wateja. Philip alikulia Poole, mji wa bandari, na chuo kikuu hakukikanyaga. Akiwa na umri wa miaka 17 alivuka bahari hadi Newfoundland kuwa karani wa kampuni ya biashara, na huko, saa za kazi zikiisha, akajifunza mwenyewe mambo ya wadudu. Mwaka wa 1835 alihamia Kanada kulima, ukulima ukamshinda. Mwaka wa 1838 akaenda Alabama kuwafundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba, akachukizwa na utumwa alioushuhudia, na mwaka uliofuata akarudi kwao mikono mitupu. Mikono mitupu kwa maana ya pesa, kwa sababu mkobani alikuwa na mswada.

Mswada huo ulichapishwa mwaka wa 1840 kwa jina The Canadian Naturalist. Nilipoufungua nilibaki nimeduwaa. Kitabu kizima ni mazungumzo kati ya baba na mwana! Wanatembea mashambani na msituni, mwana anauliza habari za ndege, miti na vipepeo, baba anajibu. Wakati huo Gosse hakuwa na mke wala mtoto. Edmund alizaliwa mwaka wa 1849. Kwa hiyo "Baba na Mwana" wa kwanza katika ukoo huo aliandikwa na baba, miaka 67 kabla ya yule tunayemjua. Kisanaa, mwana wa kitabu hicho ni dhaifu. Hapingi, hachoki, hauliza swali ambalo baba hana jibu lake. Ni kama wale wahusika wa vitabu vyetu vya shule ambao huuliza tu ili mwalimu apate kueleza. Yule mwana wa nyama na damu alikuja kuuliza maswali ya aina nyingine kabisa.

Jamaica ndiko Gosse alikokomaa. Aliishi Bluefields kuanzia mwaka wa 1844 hadi 1846, na matunda yake ni The Birds of Jamaica (1847) na A Naturalist's Sojourn in Jamaica (1851). Wasomi wengi wa enzi ile walichunguza ndege waliokauka, waliojazwa pamba na kutiwa makabatini. Gosse anakueleza ndege anakula nini, analia vipi, anajenga wapi. Alijaribu hata kuwaweka chumbani wale ndege wadogo wanaofyonza maua, wanaomkumbusha msomaji wa huku chozi wetu, akiwanywesha maji ya sukari kwa matumaini ya kuwafikisha Uingereza wakiwa hai. Walikufa, naye anakiri hivyo bila kujitetea.

Tena kwenye ukurasa wa jina wa vitabu vyote viwili kuna jina la pili: Richard Hill, hakimu mzaliwa wa Jamaica, mtu wa asili mchanganyiko aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa. Habari alizotoa Hill zimetajwa kuwa za Hill. Kijana Mweusi aliyefanya kazi na Gosse, Samuel Campbell, naye yumo. Sisi tuliozoea vitabu vya wasafiri wa karne ile, ambamo anayejua njia huitwa tu "mwenyeji mmoja", tunajua kwamba hilo halikuwa jambo la kawaida. Simfanyi malaika, kwani ni yuleyule aliyeula mshahara wa wenye watumwa kule Alabama. Nasema tu kwamba haya yote sikuyajua, na niliyafundisha maisha yake.

Aliporudi Uingereza alijitosa katika utafiti wa bahari. Mwaka wa 1853 alichapisha kitabu kuhusu pwani ya Devon, na mwaka wa 1854 The Aquarium, kilichowafundisha watu wa kawaida jinsi ya kufuga viumbe wa baharini nyumbani ndani ya tangi la kioo. Neno lenyewe tunalitumia hadi leo kwa sababu yake. Watu walikuwa wakitapatapa na majina marefu marefu, yeye akachukua neno la Kilatini lililokuwa na maana nyingine, akalipa kazi mpya. Wanaistilahi wetu wanaounda maneno ya silabi nane wangefaidika kumtazama.

Nathari yake ya vidimbwi vinavyobaki miambani maji yanapokupwa ndiyo bora kuliko zote. Anapiga magoti, anachungulia, anakungoja nawe uone. Rangi anazitofautisha kwa jicho la mtoto wa mchoraji, na michoro ni yake mwenyewe. Wale wanyama wa baharini wafananao na maua aliwaandikia kitabu kizima, Actinologia Britannica (1858–1860). Udhaifu wake ni kwamba hawezi kumwacha kaa awe kaa. Baada ya kurasa mbili za uchunguzi makini, mahubiri yanaingia, na msomaji anatamani kumwambia, mzee, hebu turudi kidimbwini. Vitabu hivyo viliuzwa sana, na watu wakamiminika pwani na ndoo na patasi. Ni Edmund anayetusimulia jinsi vidimbwi vile vilivyokombwa vikabaki vitupu, na jinsi jambo hilo lilivyomuuma babake.

Sasa tuje kwenye kicheko cha darasa langu. Mwezi Februari mwaka wa 1857 mkewe, Emily, alifariki kwa saratani ya matiti. Mwaka huohuo Gosse alitoa Omphalos. Hilo ni neno la Kigiriki lenye maana ya kitovu, na Kiswahili kinalipokea vizuri ajabu, maana kwetu pia kitovu ni kovu la kuzaliwa na vilevile ni mahali asili ya mtu ilipo. Swali lake ni hili: Adamu, ambaye hakuzaliwa na mwanamke, alikuwa na kitovu?

Gosse anajibu kwa hoja ambayo mtu yeyote aliyewahi kubishana kuhusu kuku na yai ataielewa. Maisha ni duara. Kuku hutoka katika yai, yai katika kuku. Muumba akitaka kuanzisha duara hilo lazima alikate mahali fulani, na popote atakapolikata, kitakachotokea kitabeba alama za wakati uliopita ambao haukuwahi kuwako. Mti wa Edeni ungekuwa na pete za miaka ndani ya shina lake. Adamu angekuwa na kitovu. Vivyo hivyo dunia ingekuwa na visukuku.

Hoja hii haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na kwa hiyo kisayansi haifai kitu. Ukiikubali unaweza kudai hata dunia iliumbwa jana jioni. Wanasayansi waliikataa, waumini wakaikataa. Rafiki yake, mwandishi Charles Kingsley, alimwandikia kwamba hawezi kuamini Mungu ameandika uongo juu ya mawe. Lakini Gosse hakusema kwamba Mungu alitaka kumdanganya au kumjaribu mtu. Alisema haingewezekana iwe vingine. Zaidi ya hayo, kitabu kimepangwa kama kesi mahakamani, na shahidi anayepewa nafasi ya kwanza ni yule anayeitetea jiolojia na umri mrefu wa dunia, tena anasikizwa kikamilifu. Ni wangapi kati yetu katika mijadala ya Kiswahili, ile ya ushairi huru kwa mfano, waliowahi kumwachia mpinzani aseme kwanza? Borges, yule Muajentina, aliiandikia insha hoja hiyo na kuona uzuri wake, ijapokuwa hakuiamini.

Ule usemi wa Mungu kuwatega wanajiolojia ulitoka wapi basi? Uko katika Father and Son, lakini Edmund anausimulia kama muhtasari wa harakaharaka uliotolewa na magazeti ya wakati ule. Sisi walimu ndio tuliouweka kinywani mwa mzee.

Nisieleweke vibaya. Father and Son ni kazi kubwa ya fasihi na nitaendelea kuifundisha. Ila Edmund aliyaandika maisha ya babake mara mbili. Mwaka wa 1890, miaka miwili baada ya mzee kufariki, alitoa wasifu wenye tarehe, safari na vitabu, wa heshima. Miaka 17 baadaye akatoa kile cha pili, bila jina lake mwanzoni, na humo mtafiti aliyezunguka mabara akabaki baba wa chumba kimoja chenye giza. Ann Thwaite, katika wasifu wake wa Philip Gosse wa mwaka wa 2002, alirudi kwenye barua na shajara akamkuta mtu mchangamfu zaidi na mwenye upendo zaidi kuliko huyo. Sisi katika Kiswahili tuna tatizo la upande wa pili. Tangu Shaaban Robert amwandikie Siti binti Saad, wasifu wetu umependa kusifu, na wengi tunaowasomea tanzia huonekana hawakuwahi kukosana na mtu. Edmund angalau alikuwa na jambo la kusema. Swali ni nani alibaki wa kumjibu.

Kuna mfano mmoja nilioupenda mno darasani. Edmund anasimulia kwamba siku aliyozaliwa, babake aliandika katika shajara kuwa mkewe amejifungua mtoto wa kiume, na papo hapo kwamba amepokea mbayuwayu wa kijani kutoka Jamaica. Wanafunzi hucheka, nami huwaambia: tazameni ubaridi wa mzazi huyu, mtoto na ndege mstari mmoja. Safari hii niliposoma nilisonga mbele hadi sentensi zinazofuata. Edmund mwenyewe anaeleza kwamba hilo halimaanishi baba alimjali ndege sawa na mtoto. Mzee alikuwa mtu wa utaratibu tu. Mtoto alifika mapema na ndege akafika baadaye siku hiyo, basi akawaandika kwa zamu yao.

Sentensi hizo zilikuwa pale ukurasani miaka yote. Mimi nilikuwa nikisoma hadi kwa mbayuwayu, nafunga kitabu, nangoja kicheko.